Mjusi wa Mkadi

Hotuba ya mgeni rasmi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya kata, Wilaya ya Morogoro. Imeandikwa na msemaji mwenyewe baada ya kuombwa nakala.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mkuu wa Shule na walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa pale chini ya mwembe, wazazi na walezi, na ninyi wanangu mnaohitimu leo. Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya maisha baada ya shule. Naomba mniwie radhi, hilo nawaachia wazazi wenu, wanaliweza kuliko mimi. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na miwili, na kumi na mmoja kati ya hiyo niliimaliza humu humu, kwenye madarasa haya mawili yanayotazama barabara. Kuna somo moja nililopaswa kulifundisha na sikulifundisha. Limenikaa kifuani. Leo mmenipa kipaza sauti, basi nitalifundisha leo. Ni somo la mjusi.

Mwaka 2006 nilikuwa na kidato cha pili, mada ni reptilia. Nilichora ubaoni mjusi wa kitabuni, mjusi wa nchi za mbali, nikaandika sehemu za mwili kwa chaki ya rangi. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa na chupa ya maji aliyoitoboa matundu kwa msumari, na ndani ya chupa kulikuwa na mjusi mdogo wa bluu. Nasema bluu, wanangu, bluu ya kanga mpya ambayo haijaguswa na maji. Akaniuliza, "Mwalimu, na huyu yumo kitabuni?" Nikamtazama yule mjusi, nikafungua kitabu, nikafunga, nikamwambia hayumo. Nikamwomba aitoe chupa nje asiwapotezee wenzake muda.

Baada ya wiki chache yule kijana hakuonekana tena darasani.

Sababu niliijua baadaye na nitaisema. Ila kwanza nijibu swali lake, maana limesubiri miaka mingi. Huyu ni nani?

Jina lake la kisayansi ni Lygodactylus williamsi. Kiswahili hakijamtungia jina moja la kukubalika na wote. Mimi namwita mjusi wa mkadi, na mtaona kwa nini. Duniani kote, mahali anapoishi porini ni hapa petu: Msitu wa Kimboza, na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani, kama ule wa Ruvu. Hayupo Kenya, hayupo Msumbiji, hayupo hata Usambara kwenye vinyonga wote wale wa ajabu. Kimboza mnaujua. Barabara ya Morogoro kwenda Kisaki inapita humo, na abiria wengi wanachokumbuka ni kwamba hewa ilipoa ghafla. Eneo lake ni kama kilomita nne tu za mraba. Mtu mwenye miguu mizima anatoka nyumbani asubuhi, anauzunguka wote, na jioni anarudi kula ugali wake.

Ni msitu wa chini, si ule wa juu milimani wenye ukungu. Umekalia mawe ya chokaa, yana makali, yana mapango na nyufa zinazomeza maji. Mawingu ya Bahari ya Hindi yakifika huku yanagonga Milima ya Uluguru na kumwaga mvua upande huu wa mashariki, na ndiyo maana miti mikubwa imeweza kusimama juu ya mwamba ambao hata mhogo ungekataa. Kwenye mawe hayo kuna mmea wa maua mekundu, Impatiens cinnabarina, ambao wataalamu wa mimea wameupata hapo. Nautaja kwa sababu wanafunzi wangu waliwahi kuniletea ua lake, nalo pia nililiweka mezani likanyauka.

Sasa mkadi. Mliowahi kukaa Bagamoyo, Tanga au Unguja mnaujua mkadi wa pwani, ule ambao ua lake lenye harufu hutiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Huu wa Kimboza ni ndugu yake, Pandanus rabaiensis. Hilo "rabaiensis" limetoka Rabai, kule nyuma ya Mombasa. Mti huu umesimama kwa mizizi inayotoka juu kwenye shina na kushuka ardhini, kama mtu aliyetanua miguu asisukumwe. Juu kuna shada la majani marefu kama panga, mengine yanazidi mita moja, yamejipanga kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Kingo zake zina miiba. Ukipitisha mkono bila kuangalia utarudi na damu.

Lakini angalieni pale jani linaposhikana na shina. Kila jani limekumbatia lenzake, na kati yao pana mfuko. Mvua ikinyesha mfuko unajaa maji. Majani makavu na vumbi la msitu huangukia humo, wadudu wanafuata, na kiangazi kinapobana kila mahali, mle ndani panabaki na unyevu. Mkadi mmoja uliokomaa ni kama nyumba ya ghorofa yenye kisima chake, ghala lake na ukuta wa miiba. Mpangaji wake ni huyu mjusi.

Hapa pana jambo linalonifikirisha mpaka leo. Mkadi wa aina hii unaota sehemu nyingi za Tanzania na Kenya. Mjusi hakuufuata. Mkadi unaweza kuota bila yeye, ila yeye huku kwetu hakai kwingine ila juu ya mkadi, na hasa ile mikubwa iliyokomaa. Hushuki chini ukamkuta anatembea kwenye majani makavu kama mjusi wa shambani. Hukuti familia yake kwenye mwembe. Maisha yake yote, kuanzia yai, yamo katika mashada yale.

Mwili wake ni mdogo. Mkia ukihesabiwa, hafiki sentimita tisa. Mchukulie kama kidole cha shahada cha mtu mzima, na uzito wake ni gramu moja au mbili. Ana undugu na mijusi ya ukutani mnayoiona usiku ikinyemelea wadudu karibu na taa. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa mjusi wa ukutani, tunayemwita mjusi kafiri, ni wa kuuawa. Sikuja kubishana na mashehe wangu waliopo hapa. Nasema tu huyu siye yule, na tofauti yao mtaiona machoni. Mjusi wa ukutani anafanya kazi usiku, mboni yake ni ufa uliosimama wima kama wa paka. Mjusi wa mkadi ni mtu wa mchana, mboni yake ni duara kama yako na yangu. Kope hana. Vumbi likimwingia jichoni anatoa ulimi na kulilamba jicho lake mwenyewe.

Mliokwenda Dar es Salaam mmewahi kumwona ndugu yake wa karibu bila kujua: yule mjusi mdogo mwenye kichwa cha njano anayepanda na kushuka kwenye minazi na kuta za nyumba mchana kweupe. Yule anaishi na watu vizuri kabisa. Katika ukoo mmoja, mmoja amejifunza kuishi popote penye ukuta, mwingine ameshika mti mmoja katika msitu mmoja. Sayansi ina maneno marefu ya kueleza jambo hili. Mimi naona inatosha mkikumbuka kwamba kuwa wengi kwa ndugu yake hakumsaidii yeye chochote.

Nije kwenye miguu, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nikiwadanganya wanafunzi wangu. Nilikuwa nafundisha kwamba mjusi anashika ukuta kwa gundi, mwaka mwingine nasema anafyonza kama ruba. Yote mawili si kweli. Chini ya vidole vyake kuna vikunjo, na kila kikunjo kimejaa vinyweleo vidogo sana, na kila kinyweleo kimechanika nchani mara nyingi kama ufagio. Ncha hizo ni ndogo kiasi kwamba zinakaribia uso wa jani kuliko kitu chochote tunachoweza kukiona kinavyokaribia kingine, na kwa ukaribu huo molekuli za mguu na molekuli za jani zinavutana. Mvuto wa ncha moja ni kidogo mno. Wa zote kwa pamoja unambeba mjusi kichwa chini miguu juu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walipima nguvu ya kinyweleo kimoja tu cha mguu wa mjusi mkubwa wa Asia na kuionyesha dunia. Kumbe jibu lilikwishapatikana huku mimi naendelea na habari za gundi ubaoni.

Na huyu wetu ana ziada. Kidole chake cha kwanza kimesinyaa, karibu hakipo, lakini ncha ya mkia wake, kwa chini, ina vikunjo vile vile vya miguuni. Anaruka kutoka jani hadi jani, na akitua vibaya mkia unashika. Ana mguu wa tano. Ndege akimnyakua mkia, unakatika na kubaki unarukaruka mdomoni mwa ndege, yeye amekwishazama kwenye mfuko wa jani. Baadaye unaota mwingine, na katika ukoo huu wa mijusi imeonekana kwamba mkia mpya huota na vikunjo vyake vya kushikia.

Bluu ile ni ya dume. Na hata dume hazaliwi nayo. Watoto na majike ni wa rangi ya shaba au kijani kilichofifia, tumbo likiwa na rangi ya machungwa, rangi zinazopotea kabisa kwenye jani kavu la mkadi. Dume akikomaa na kupata mti wake ndipo anapogeuka bluu mgongo mzima, tumbo rangi ya chungwa lililoiva, koo jeusi. Asubuhi kukiwa na baridi, au akishindwa ugomvi, anafifia, anakuwa kijivu au karibu cheusi. Jua likimfikia anawaka tena. Ukimsaga mjusi wa bluu hutapata rangi ya bluu ya kutia kitambaa. Ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo sana, na fuwele hizo zinauchambua mwanga wa jua na kurudisha ule wa bluu. Chini yake kuna seli nyeusi zinazojitanua na kujikunja kama pazia, na hizo ndizo zinazomfanya awake au azime. Kwa hiyo kinachokuvutia ukimwona ni jua lenyewe, limechujwa na ngozi.

Kwa kawaida mkadi mmoja una dume mmoja mkubwa, na majike na watoto wanakaa humo kwake. Dume wa mti wa pili akithubutu kuvuka, mwenyeji hamkimbilii kumng'ata. Kwanza anajibapa ubavuni ili aonekane mrefu, anavimbisha koo lile jeusi, anatikisa kichwa juu na chini, juu na chini. Mara nyingi mgeni anaelewa na kurudi. Kupigana kwa meno ni hasara kwa kiumbe wa gramu mbili. Chakula chake ni wadudu wadogo, na kama wenzake wa ukoo huu, hulamba pia vitu vitamu vya mimea. Maji anayapata papo hapo, kwenye kisima cha nyumba yake.

Wanangu, kitendawili!

(Wanafunzi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

(Wanafunzi: Yai!)

Naam. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, wakati mwingine moja, kila moja kama punje ndogo ya njegere. Yakitoka ni laini, yananata. Anayabandika ndani kabisa, kati ya jani na shina, na muda mfupi baadaye yanakauka na kushika kama chokaa ukutani. Huwezi kuyabandua bila kuyavunja. Hayalalii. Joto la msitu linafanya kazi hiyo kwa miezi miwili au mitatu, kisha anatoka mtoto mwenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole, amekamilika, anajua kukimbia na kujificha, na mama hana habari naye.

Shikeni hilo la yai kubandikwa. Tutalihitaji.

Aliyempa jina ni Arthur Loveridge, mwaka 1952. Mzee huyu alikuwa Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika, wakati ule wa mabwana nyama, na baadaye akawa mtunza mijusi na vyura katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jina la "williamsi" alilitoa kwa heshima ya John Williams, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, ni wataalamu wachache tu waliomkumbuka. Alikaa kabatini kwenye chupa ya spiriti, na alikaa Kimboza juu ya mkadi, na hakuna aliyemsumbua.

Kisha wakaja watu waliopenda bluu yake.

Kuna watu Ulaya, Marekani na Asia wanaofuga mijusi nyumbani kwenye visanduku vya kioo, wanawawekea taa na majani. Sina neno baya juu ya mapenzi yao. Wengine wanawajua wanyama hawa kuliko mwalimu aliyeishi karibu nao, na huyo mwalimu ni mimi. Ila miaka ya mwanzo ya karne hii soko lilipoujua uzuri wa mjusi huyu, wanunuzi walifika hadi vijijini. Watafiti wa Kijerumani na Kitanzania walifuatilia, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Rudieni kusikia: kundi moja. Idadi hiyo walikadiria ni kama asilimia kumi na tano ya mijusi wote waliokuwepo porini. Mwaka ule ule wa 2012 shirika la IUCN, lile la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, lilimweka kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kusema kiumbe hayupo tena porini.

Sasa nirudi kwa yule kijana wangu.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, ana mke na watoto wawili, analima migomba na iliki huko juu. Aliniamkia, tukakaa barazani kwake, na nikamuuliza. Hakunificha. Alisema mnunuzi alikuwa anakuja na mabegi, analipa kwa kichwa, fedha ndogo, lakini ilikuwa fedha ya leo leo na shule ilikuwa inataka mchango. Nikamuuliza mlikuwa mnawakamataje, maana mjusi yule ana mbio. Akasema, "Mwalimu, majani ya mkadi yana miiba na mjusi anazama ndani. Huwezi kumtoa. Tulikuwa tunaukata mti chini kwa panga, shada linaanguka, mnalizunguka na kulichana jani moja moja. Unapata watatu, wanne. Waliokufa kwenye begi hatukulipwa."

Akanyamaza. Halafu akasema kuna siku alichana shada akakuta ukuta wa mayai, mapya na maganda ya zamani pamoja, yamegandana. Alijaribu kulibeba lile jani akalisimamishe kwenye mti mwingine. Likanyauka.

Ndiyo maana niliwaambia mshike habari ya yai. Mtu akisikia "elfu arobaini" anahesabu vichwa. Lakini kila shada lililoanguka liliondoka na mayai ambayo hayakuhesabiwa, na nyumba ambayo wengine wangezaliwa. Mjusi mmoja aliyekamatwa anaweza kuzibwa pengo lake, kwa sababu hawa wanazaa vizuri wakiachwa. Mkadi uliokomaa hauzibwi pengo kwa mwaka mmoja wala miwili. Aliyekata mti kwa ajili ya mijusi wanne aliwafukuza na wale ambao wangekaa humo miaka yote inayofuata. Ningeulizwa ni lipi lililokuwa baya zaidi, kukamata au kukata, nisingesita: kukata.

Simlaumu yule kijana, na naomba hapa pasiwe na mzazi wa kumnyooshea kidole mwana wa mwenzake. Aliniletea mjusi darasani. Aliniuliza. Kama siku ile ningemwambia, "Kaa, huyu ni wa kwetu peke yetu duniani," angekuwa na kitu cha kupima dhidi ya ile fedha. Nilimwambia hayumo kitabuni. Wiki hiyo hiyo mtu mwingine alimwambia ana bei. Alimwamini aliyeonekana kujua.

Sheria leo si ile ya siku zile. Mijusi wengi walipitishwa kwenye mizigo kwa majina ya ndugu zao wa kawaida, kwa sababu afisa wa mpakani angemtofautishaje? Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huo huo, katika mkutano wa CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya walipendekeza kwa pamoja mjusi huyu aingizwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na nchi wanachama zikakubali. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi aliyetolewa porini ni marufuku. Kiambatisho hicho ndicho alichomo faru. Gramu mbili na tani nzima, wamekaa ukurasa mmoja. Akikamatwa na mtu huku kwetu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mnunuzi atakayekuja kuwaambia kwamba huyu ni mjusi tu, mwambieni hivyo, na mwenyekiti ajulishwe siku hiyo hiyo.

Huko nje bustani za wanyama na wafugaji sasa wanawazalisha wenyewe, na hilo limepunguza sababu ya kuja kwetu. Nafurahi. Lakini mjusi aliyezaliwa kwenye kioo Ujerumani hawezi kuwa mjusi wa Kimboza mpaka Kimboza iwepo.

Na hapo ndipo ninapowageukia wazee wangu wa pale chini ya mwembe, kwa heshima zote. Wanunuzi wamepungua. Kinachobaki ni moto na panga letu wenyewe. Tunapoandaa mashamba mwezi wa tisa na wa kumi moto ukitoroka, unaingia msituni kwa kupitia kingo, na mkadi una majani makavu yaliyoning'inia kama sketi kuzunguka shina. Unawaka kama kibiriti. Moto mmoja wa alasiri unaweza kumaliza mikadi iliyopona kwa wakamataji wote wale. Najua kuchoma shamba ni kazi ya mikono miwili isiyo na fedha ya vibarua, mimi pia nina shamba. Njia ya kuzuia ipo na mnaijua: kufyeka kwanza mkuza, ule ukanda wa kuzuia moto, kuchoma jioni upepo ukitulia, kuwaita majirani wawe na matawi mabichi mkononi. Wazee wetu walifanya hivyo bila semina.

Kuna na jambo la sedrela. Mti huu, Cedrela odorata, uliletwa na mabwana miti kutoka Amerika ya kitropiki kwa ajili ya mbao, na mbao yake ni nzuri kweli. Mbegu yake ina bawa jepesi, upepo unaibeba mbali. Umeingia Kimboza, ukapata mwanga palipokatwa miti, na umeota kwa kasi kuliko miti ya asili. Mkadi hauwezi kushindana nao chini ya kivuli kile. Watu wa misitu wamejaribu kuuondoa kwa kuuvua gome kuzunguka shina ili ufe umesimama, usiangukie miche ya asili. Kazi hiyo inahitaji mikono na inahitaji kujua kipi ni mche wa sedrela na kipi ni wa asili. Wahitimu wangu, hiyo ni kazi ya mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na macho mazuri. Anayeitaka aje tuzungumze baada ya chakula. Nitamwonyesha ofisi ya kwenda na barua ya kuandika.

Nimalizie kwa lililonileta. Nimezungumza na Mkuu wa Shule, na nimeongea na watu wa misitu wametukubalia. Jumamosi ijayo kidato cha pili na cha tatu, na mzazi yeyote anayependa, tutakwenda Kimboza kwa miguu. Tutasimama barabarani, hatutaingia ndani sana, kuna mikadi inayoonekana vizuri kutoka kwenye njia. Hakuna atakayegusa jani. Hakuna chupa. Mjusi hatatoka mapema. Atasubiri jua lifike kwenye shada lake, na hapo kwanza ataonekana kama kipande cha gome, mnatazama na hamwoni, halafu mwanga unamfikia na anaanza kugeuka. Inachukua muda. Wenye haraka wabaki nyumbani.

Yule kijana wangu amesema atakuja kutuonyesha ni mti upi, kwa sababu anaikumbuka yote. Atakuja na mwanawe mkubwa, yuko darasa la tano.

Tutaondoka hapa shuleni saa moja na nusu asubuhi. Leteni maji ya kunywa na kofia.